Samaki Asiyeandikwa

Mji wa Bugene tulikuwa tumeuacha mbali, bodaboda bado inapanda vilima nisivyovijua, hadi migomba ikafunguka na ziwa dogo la Kyerwa likaonekana. Mvuvi Elick alikuwa ananingoja nimtafsirie hotuba. Mchana uleule angeanza safari ya Norwei, kwenye mkutano wa wanasayansi wa bahari za barafu, wanaochunguza samaki wanaohama maji yanapopata joto. Walimwalika kwa sababu kwa miaka kumi na miwili ameandika kila samaki anayefika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Nikafungua madaftari yake. Perege, furu, ningu.

"Kamongo hayumo?" nikauliza.

"Wataalamu wanasema ametoweka," akajibu mkewe, Benitha. "Jana jirani alikula mmoja mnene kama paja lako."

Elick hakucheka. Kamongo ni mwiko wa ukoo wake. Hawamli, hawamgusi, wala hawamtaji, basi hakumwandika. Sasa, kwa kuwa hayumo katika madaftari hayo, wataalamu wanapendekeza ziwa lifungwe, kusivuliwe kabisa.

"Nikiwaambia, watayatupa madaftari yote," akasema.

"Usipowaambia, tutavua ndizi, baba Joyness."

Elick aliichukua hotuba, akaukata mstari wa kwanza. Kisha akaniambia nianzie hapa: "Kamongo yupo. Mimi ndiye sikumwandika." Kulitaja jina lile kulimkausha midomo.

Gari lilipokuja aliikunja karatasi ya tafsiri yangu, akapanda bila kuaga vizuri. Tulibaki mlangoni, Benitha akaniuliza kama watu wa huko wana miko. Nikamwambia sijui.