Mwanzi wa Mikono Miwili

Mwaka ambao gugumaji liliziba ufuo wa Sio Port, Ochuodho alipoteza ziwa na bega kwa mkupuo mmoja. Alikuwa akivuta wavu uliolemewa na majani, bega la kulia likachomoka. Lilirudishwa, lakini tangu siku hiyo mkono ule haukupanda tena kupita sikio. Akahamia na mkewe Gaudencia kwenye shamba dogo la marehemu baba yake, upande wa Matayos, karibu na mpaka wa Uganda, mto Sio ukipita chini ya mahindi. Watu waliendelea kumwita mvuvi, kwa ile sauti ya upole wanayotumia kumtaja mtu aliyekwisha kustaafu.

Paulinus, kaka yake Gaudencia, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule Khunyangu na alitafuta mlinzi wa usiku.

"Kukaa kwenye kiti hakutaki bega, shemeji," alisema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja. Ukikataa, naandika mtu mwingine."

Ochuodho hakudharau kazi ile. Aliogopa tu kwamba siku akikalia kile kiti, hataamka tena akiwa yeye.

Alimkumbuka daktari mmoja mgeni wa hospitali ya Alupe aliyekuwa akija mtoni Jumapili na fimbo ndefu ya kuvulia. Aliishika kwa mikono miwili, wala hakuirusha nyuma, maana nyuma kulikuwa na miti. Aliikokota kamba juu ya maji mpaka ikajikunja kando yake, halafu mkono wa juu ukasukuma kidogo na wa chini ukavuta kuelekea tumboni. Kamba ikaruka hadi ng'ambo. Wakati ule Ochuodho alicheka. Sasa alikumbuka kwamba mkono wa juu haukupita sikio.

Bei ya fimbo ya dukani hangeiweza. Alikata mwanzi mrefu kuliko mlango wa nyumba mara mbili, akaukausha juu ya moshi wa jikoni, akaufunga pete za waya. Alisuka kamba kwa uzi wa pamba, nene katikati ili iwe na uzito wa kuruka, akaipaka nta ya nyuki isizame. Mwishoni alifunga nailoni ya wavu wake wa zamani. Kilichobaki ni chambo: ndoano ndogo iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu anayeelea.

"Baba Sheilah!" Gaudencia aliita kutoka uani. "Jogoo wangu amefanya nini? Shingo iko uchi kama ya tai!"

"Yataota tena, Mama Sheilah."

"Na wewe utaota lini?"

Lakini jioni alimletea uzi mwekundu wa kufumia, akauweka mezani kando ya ndoano.

Kurusha alijifunza kwa kujiumiza. Ndoano ilimnasa kofia, ikanasa mafunjo, ikamnasa sikio. Akirusha kwa nguvu ya bega, kamba iliangukia miguuni. Akiuacha mkono wa chini ufanye kazi, ilienda.

Siku moja kabla ya ile Jumamosi, fwani, samaki wa mtoni mwenye magamba makubwa, alidaka chambo pale maji yanapopita kasi kati ya mawe. Ochuodho alifanya kama kila mtoto wa huku anavyofanya akinasa kambare: aliunyanyua mwanzi juu kwa nguvu ili samaki apite kichwani aangukie nyasini. Bega likapiga kelele. Fwani alipaa, mdomo ukachanika, akarudi majini.

Jirani yake Emukule, aliyekuwa akitega migono ya samaki, alikaa chini kwa kicheko. "Boss! Unamrusha Uganda bila karatasi?"

Ochuodho hakucheka. Alijua sasa kwamba adui yake hakuwa bega. Ilikuwa ile haraka ya mikono.

Jumamosi Paulinus alimkuta amesimama majini mpaka magotini. Paulinus alikuwa amebeba koti zito la mlinzi.

"Shemeji, twende. Jua linapanda."

"Ngoja."

Kamba ilivuka, manyoya yakatua, maji yakafumuka. Mikono yote miwili ilitaka kunyanyua. Ochuodho aliuma meno akaiteremsha. Aliiachia kamba ipite vidoleni, ikamchoma, naye akamfuata samaki mkondo unakoelekea, akijikwaa, akiteleza, bila kuvuta mpaka fwani alipochoka mwenyewe. Kisha akarudi nyuma polepole, akamkokota hadi mchangani.

Paulinus alimtazama yule samaki. "Ni mmoja tu."

"Ni mmoja."

"Nyumba inakula mmoja?"

"Leo inakula huyu." Ochuodho alikuwa akihema. "Panda nyumbani ukanywe chai na dada yako. Hilo koti mpe Emukule."

"Mimi?" Emukule alijibu kutoka kwenye migono yake. "Mimi usiku nalala!"

Paulinus alitikisa kichwa, akapanda kupitia mahindini, koti begani. Ochuodho alikung'uta maji kwenye manyoya, akaingia tena mtoni.