Siku Wageni wa Shangazi Walipoondoka

Juzi, pale stendi ya Moshi, nilimwona msichana aliyevaa joho la mahafali. Baba yake alikuwa akimpangusa vumbi mabegani, nami nikamkumbuka shangazi yangu, Ndeshi.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, uani kwa babu kulinukia pombe ya mbege na nyama ya mbuzi. Asubuhi nilikuwa nimemsikia shangazi akimwambia bibi kwamba amepata nafasi ya kusomea shahada ya pili, hivyo nilidhani wageni wamekuja kumpongeza. Nikacheza kati ya migomba nikiimba jina lake. Kumbe walikuja kumposa.

Babu akamwita. Shangazi akapiga goti, akawaamkia wazee.

“Wageni wanasubiri neno lako,” babu alisema.

“Baba, naomba nikasome kwanza.”

“Umesoma vya kutosha. Ukitoka hapa na mabegi yako, mimi si baba yako tena.”

Wageni waliinuka bila kuaga. Mimi nilifurahi kwamba nyama yote imebaki yetu. Sikuelewa kwa nini bibi, ndani, alikuwa akikunja kanga za shangazi.

Sasa shangazi anafundisha chuo kikuu, na wanafunzi humwita profesa. Lakini siku tulipomzika babu kihambani, kwenye shamba la ukoo, alikaa na majirani. Mchungaji alipowaita watoto wa marehemu waje kuweka udongo, shangazi aliinuka, akawatazama kaka zake, akasubiri. Hakuna aliyemsogezea nafasi. Akaketi tena.