Mitandao Ilipozima, Kwetu Wakaweka Hema

Nilipompigia mama simu, aliyeshika hakuwa mama.

Alikuwa mwanamume. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba ule wimbo wa polepole ambao kwetu hauimbwi harusini.

"Tuko na msiba hapa," akasema. "Piga baadaye."

Akakata.

Nikapiga tena. Mteja hapatikani.

Naitwa Murugi. Ni fundi wa nguo. Kazi nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video, na nina chumba cha kushonea Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Nasimulia jinsi mambo yalivyokwenda, bila kuongeza chumvi. Sitaki kumlaumu mtu.

Ilikuwa ile wiki mitandao ya kijamii ilizima. Group, status, video, vyote. Simu za kawaida zilikuwa zinaingia, lakini ni nani alikuwa anakumbuka kupiga?

Mwanzoni tulicheka. Wateja walikuja mpaka mlangoni kuuliza kama nguo zao ziko tayari. Mmoja aliniangalia juu mpaka chini, akasema ati kumbe mimi ni mfupi hivi.

Mama mboga wa karibu yangu alizoea kuwapelekea watu wa group yake sukuma wiki iliyokatwa. Siku hiyo alisimama na mifuko mikononi bila kujua aende wapi. Watu wale aliwajua kwa namba, si kwa milango.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Watu waliongea chini chini. Kila mtu alikuwa na mtu wake ambaye hajamsikia.

Hapo ndipo nikampigia mama. Na hapo ndipo nikasikia wimbo.

Nilimpigia kaka yangu Kingori, ambaye hununua mbuzi huko Doldol. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Nilifunga chumba nikachukua boda mpaka Tetu. Mama ana presha. Njia nzima nilijaribu kukumbuka sauti yake ya mwisho, ile aliyonitumia akilalamika juu ya ng'ombe aliyegoma kula. Sikuwa nimeisikiliza hadi mwisho.

Dereva aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia aongeze mwendo.

Tulipokata kona ya kwetu, niliona hema.

Hema la kijani, lile la kanisa. Viti vya plastiki. Majirani walikuwa wanaingia na vibuyu vya maziwa, kama wanavyofanya watu wakifiwa. Moshi ulitoka jikoni.

Dereva ndiye aliyenishika mkono nikashuka.

Nilipita langoni nikaenda moja kwa moja kwa mwanamke wa kwanza niliyemwona.

"Mama yangu amelazwa wapi?"

Aligeuka. Alikuwa na birika la chai. Birika likaanguka, chai ikamwagika miguuni pake, na hakusogea.

Wimbo ukafa, mstari mmoja mmoja, kuanzia viti vya mbele hadi vya nyuma.

Tata Waithira, dada wa marehemu baba, alisimama akarudi nyuma, mkono mbele yake kama anayefukuza mbwa. "Shindwe," akasema, polepole sana. "Shindwe kwa jina la Yesu."

Nikageuka nione anamkemea nani. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Kisha mama akatoka ndani ya nyumba.

Mama, mzima, na kanga begani.

Hakupiga nduru. Alikuja mpaka mbele yangu, akachukua mkono wangu wa kulia, akatafuta kile kidole chenye sugu ya sindano. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena.

"Ni moto," akawaambia watu. "Mkono ni moto."

Halafu akaniuliza kama nimekula.

Msiba ulikuwa wangu.

Walinikalisha, wakanieleza, kila mtu akiongezea mwenzake. Nitapanga vile nilivyoelewa.

Siku moja kabla ya mitandao kuzima, ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Rafiki yangu Kananu, ambaye ana studio ya picha Nanyuki, aliniweka kwa status. Kananu hupenda picha za kizamani, kwa hivyo akaitoa rangi. Mimi peke yangu, nyeusi na nyeupe, na mshumaa wa keki mbele yangu. Maneno ya pongezi yalikuwa kwa picha ya pili.

Tata Waithira aliona ya kwanza. Kabla ya ya pili kufunguka, mitandao ikazima.

Wewe unajua kwetu. Ukiona picha ya mtu kwa status, moyo kwanza unaruka. Ni birthday ama ni pole? Ikiwa nyeusi na nyeupe, na mshumaa, hauulizi tena.

Mama alinipigia. Mteja hapatikani. Laini yangu ya zamani ilifungwa zamani kwa kukaa bila krediti, lakini app ya meseji iliendelea kuitumia namba hiyo hiyo. Laini mpya sikumpa mtu. Ya nini, na tunaongea kwa app kila siku?

Vijana wa kanisa walitumwa Gatitu. Wakarudi bure. Nilipohamia huko, familia niliitumia tu location. Hakuna aliyejua ploti wala mlango. Majirani wangu waliulizwa juu ya Murugi, wakasema hawajui Murugi. Hapo wananiita Fundi.

Nilisikiliza yote. Halafu nikasema kwamba bado sielewi. Picha moja tu, na simu isiyoingia, zinawezaje kuleta hema?

Watu wakatazamana.

"Si picha," mama akasema. "Kingori amekuona."

"Ameniona wapi?"

"Mochari. Jana. Amekuona na macho yake, mwanangu. Amesema ni wewe."



Kingori alikuja saa hiyo hiyo, kuchukua nguo ya kunivalisha. Alikuwa ameomba ile gauni ya zambarau niliyojishonea. Alinikuta kwa kiti, na kikombe mkononi.

Akaketi chini kwenye nyasi. Mwanaume mzima.

Sikumkaripia. Nilimuuliza tu alionaje.

"Mwanamke wa ajali ya barabarani," akasema. "Hakuwa na kitambulisho. Umri ni wako. Uso ulikuwa umeumia. Nilitoa simu nikaangalia picha zako, nikaona mnafanana." Akafuta pua kwa mkono. "Murugi, sijakuona ana kwa ana tangu tuzike baba. Nilikuwa nimezoea ile sura ya simu."

Tuliongea kila asubuhi, mimi na Kingori. Kila asubuhi. Alijua nimekula nini.

Tukaenda pamoja mochari kurekebisha makosa. Mama alinikataza kuingia, nikaingia. Niliona lazima nimwone mtu aliyepewa jina langu.

Hatukufanana hata kidogo. Alikuwa mrefu. Nywele zake zilikuwa zimesukwa, ncha zikapakwa rangi ya maruni. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, alikuwa na kovu pana la kuchomeka.

Kwenye kidole chake cha mguu kulikuwa na kibandiko. Murugi.

Tukatoka nje kutafuta hewa. Kando ya geti kulikuwa na benchi, na mzee mmoja amekaa, kofia gotini, akila ndizi. Alitusogezea nafasi.

Alipenda maongezi. Alituambia anaitwa Njoka, ametoka upande wa Embu, na binti yake Gatwiri anafanya kazi ya hoteli huku. Tangu mitandao izime hajamsikia.

"Nilidhani amenikasirikia," akasema. "Tulikosana kidogo kwa simu. Nikasema, wacha nije nimtafute. Nimeanzia hospitali, wakaniambia nijaribu hapa."

Kingori alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na wamekuambia nini, baba?" nikauliza.

Mzee akatabasamu. Meno yake yalikuwa machache na safi.

"Wameangalia, wakasema hakuna. Kulikuwa na mwanamke mmoja tu hakuwa na jina, na jana amepata watu wake. Kwa hivyo wangu ako hai. Ni hii mitandao tu imetusumbua." Akakunja ganda la ndizi vizuri, akalitia mfukoni. "Saa hii narudi nyumbani. Nitapika nimngoje."

Sikutaka kuuliza. Nikauliza. Huyo Gatwiri, ako na alama yoyote?

"Alichomwa na uji akiwa mdogo," akasema. Akagusa mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko. "Hapa."

Kisha akaona nyuso zetu.

Tangu siku hiyo, kila mtu kwetu anajua mlango wangu kwa miguu yake, na majirani wa Gatitu wanajua jina langu. Mitandao ilirudi, na bado naitumia. Lakini wewe unayesoma haya, chagua mtu mmoja unayempenda, uende umwangalie uso. Umwangalie mpaka umjue. Usingoje mtu akuulize, mahali kama pale, kama ni yeye.