Mfuko wa Mpira na Kifua Changu

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa ya mchana, munganga wa hospitali ya Base, kambi ya jeshi, alipoingia uwanja wa shule yetu na mfuko mkubwa wa mpira begani. Alikuja kukusanya pumzi za wanamichezo mbalimbali, akapime huko kwake mwili wa kila mmoja unakula oksijeni kiasi gani katika kazi ya nguvu.

Mimi nilijificha nyuma ya wenzangu, roho ikiniuma. Masere, mtawa anayetufundisha, alikuwa ameniondoa katika mbio za kupokezana za Jumapili jioni. "Unahema sana," aliniambia. "Kifua yako iko mubaya." Kumwomba anirudishe sikuweza. Mimi hata kuomba maji naona haya.

Wa kwanza alikuwa yaya yangu, kaka mkubwa, mchezaji wa mpira. Mpira wa timu yao ukilegea, yeye ndiye huupuliza kwa mdomo. Basi pua ikabanwa, bomba la mfuko likaingia mdomoni, akaanza kukimbia pale pale aliposimama. Badala ya kupumua tu, alipuliza kwa mashavu yote mawili.

"Ee, wacha! Hii haiko balo, mupira ya kupuliza!" munganga alipiga kelele.

Yaya akatoa bomba. "Lakini nimeshinda?"

Tulicheka mpaka masere akageuka pembeni.

Akafuata mwanaume anayeleta samaki wakavu kwa baiskeli kutoka Malemba-Nkulu. Gurudumu la nyuma liliinuliwa, akakanyaga. Huyo alipumua polepole, ndani kabisa, kama mivukuto ya mhunzi.

"Na banamuke banacheza nini?" munganga aliuliza.

"Kutwanga!" wasichana waliitika, wakanisukuma mbele.

"Huyu hapana," masere alisema. "Iko na kifua."

"Basi njo huyu, yeye mwenyewe, namutaka," munganga alisema.

Kinu kililetwa. Mimi na rafiki yangu tulitwanga mihogo, michi miwili kinu kimoja, kwa zamu. Aliimba peke yake, maana mdomo wangu ulikuwa na bomba. Kwetu kila mchi ukishuka unatoa pumzi, hii! Zangu zote ziliingia mfukoni. Nilipomaliza nilihema kama mbwa.

"Nilisema nini?" masere aliuliza.

Munganga alinishika mkono, akahesabu mapigo ya damu mpaka dakika ikaisha. "Masere, tia sikio kwa kifua yake."

Masere akainama. Kilikuwa kimetulia. Yaya, aliyetangulia wote, bado alikuwa kwenye majani anahema.

"Kuhema haiko ugonjwa," munganga alisema. " Mwili ilikuwa na njaa ya oksijeni, ikakula, ikashiba."

"Na yaya wake?" rafiki yangu aliuliza.

"Ule? Alichokesha mashavu!"

Masere alisema "Mm" tu, akaenda zake. Habari ya mbio hakuigusa, na mimi nikabaki na ombi langu mdomoni hadi kulala.

Asubuhi yake, baada ya misa, nilipita katikati ya watu nikamshika masere mkono wa kanzu. "Masere, minyi nataka kukimbia."

"Nafasi ya ngapi?"

Nikamwambia ya mwisho, ya yule anayepokea kijiti na kufika.