Ijumaa ya Fundi

Fundi cherehani wa mtaa wa Jules, pale Malvern, huongea akiwa na pini mdomoni, na mteja yeyote humwambia, "Njoo Ijumaa." Ijumaa ikifika, huinua miwani na kushangaa kwamba mtu ameikumbuka. Ukutani amebandika ramani ya kusini mwa Ulaya. Akichoka kushona, huvua futi shingoni na kupima njia atakayopita kwa baiskeli, peke yake, toka Ureno hadi Italia. Penye milima huongeza kidogo, kama anavyoacha kitambaa cha upindo.

"Papa, safari lini?" huuliza Falonne, msusi wa mlango wa pili.

"Ijumaa."

"Eish! Ya mwaka gani?" Saluni nzima huangua kicheko, na Falonne huwashinda wote.

Jumatano moja fundi alipita akigawa nguo za watu, zimekwisha, zimepigwa pasi. "Viza imetoka," alisema. Wateja walipiga vigelegele. Falonne aliiona baiskeli nje, imefungwa mifuko ya jinzi aliyoishona fundi mwenyewe. Akaenda kulijaribu gauni lake. Lilimkaa vizuri mno.

"Linabana kiunoni, Papa," alisema. "Nitaendaje nalo harusini? Rekebisha."

Fundi alipitisha vidole viwili kiunoni. Viliingia bila shida. Aliokota pini zake, akaziweka mdomoni moja moja.

"Njoo Ijumaa, Mama."