Mama Modest Apita Masasi

Watu wa Newala wakishuka Masasi utawajua kwa namna wanavyonawa mikono. Mimi nauza chai na wali pembeni ya stendi, nimewanawisha wengi na sijakosea hata mara moja. Mtu wa Newala hamwagi maji chini. Anatafuta beseni kwanza, kwa sababu kule juu kwao maji ni ya kukinga paani au ya kufuata bondeni, na yaliyokwisha kunawiwa yana kazi nyingine inayoyangoja.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Januari, katoto ka kike kalipovuta beseni langu la vyombo na kunawia humo, nilijua gari la Newala limeingia.

"Shikamoo," kakaniambia, mikono inachuruzika.

"Marahaba. Hayo maji kamwage kule nje."

Kakayatazama maji, kisha kakanitazama mimi. "Bado hayajachoka."

Nilikuwa nimeamka vibaya, na beseni lenyewe ni moja. Nikafungua kinywa nimfundishe adabu, nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Alikuwa Dorika, amebeba kifurushi cha makopa kichwani, na kijana wake Modest kamshika upindo wa kanga.

"Mwache, Mama Ladi. Atamwagilia mchicha."

"Sina mchicha."

"Ndiyo nyie watu wa mabomba. Maji mnayo, mchicha hamna."

Hivyo ndivyo tunavyosalimiana, mimi na Dorika. Ameniletea makopa miaka mingi, muhogo mkavu mweupe usio na doa, na kila akija lazima tutukanane kidogo kabla ya chai. Hakujaliwa mtoto wa tumboni mwake. Modest na Violet ni wa mdogo wake, Imakulata, aliyefariki Violet hajajua kutembea. Lakini kwetu huku kusini mtoto ni wa upande wa mama, na mtoto wa mdogo wako ni wako, hakuna wa kukuuliza. Dorika aliwachukua, akaitwa Mama Modest, na leo ukimwita Dorika sokoni hageuki.

Nikamimina chai. Watoto wakaenda kulitazama bomba la jirani linalovuja, Violet akijaribu kulifunga kwa mikono miwili. Hapo Dorika akanieleza safari yao.

Baba yao, Eric, ni mwalimu, mtu wa Iringa. Baada ya msiba alihamishiwa Tunduru, akawa anakuja kila Krismasi na mfuko wa nguo, anakaa ukumbini kimya, anaondoka. Sasa amepata nyumba na anataka kuishi na wanawe. Ukoo ulikaa. Bartholomayo, kaka yake Dorika, ambaye ndiye mjomba mwenye kauli juu ya watoto, alisema baba asinyimwe damu yake, lakini watoto nao si magunia ya korosho. Watapelekwa Masasi, baba atakuja kuwapokea, na watapanda basi la Tunduru kwa miguu yao wenyewe. Asiyetaka kupanda asivutwe wala asibembelezwe. Atarudi Newala siku hiyo hiyo, na maneno yatakuwa yamekwisha.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza. Mimi sijui kuzungukazunguka.

"Nataka wakatae," akasema. Alikuwa anaitazama chai yake. "Wote wawili."

Halafu akanieleza hila yake. Basi la Tunduru huondoka alasiri, naye amekuja na gari la alfajiri makusudi. Atawazungusha watoto Masasi yote mpaka washibe. Wakishaona mji, maduka, taa, na milima ya mawe waliyokuwa wakiisikia tu, watakuwa hawana tena hamu ya kwenda kokote.

"Ntu aliyeshiba hatamani chungu cha jirani," akasema.

Nikamwambia mji hauliwi kama ugali. Hakunisikia. Basi nikamwachia binti wa banda la pili masufuria yangu, nikajifunga kanga, nikawafuata. Nilimwambia naenda kumwonyesha njia, maana miaka yote hiyo ya kuja Masasi Dorika hajui zaidi ya stendi, soko na banda langu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona mambo yatakavyokwenda. Umbea ni ugonjwa, na mimi sijatafuta dawa.

Modest alitaka mawe kwanza. Maduka hakuyajali, hata yale yenye baiskeli zilizoning'inizwa. Tukapita upande wa Mkomaindo, tukafika mahali ambapo nyumba zimekwenda kugota kwenye mwamba, na mwamba wenyewe umesimama hapo mweusi, mkubwa kuliko kanisa. Mtoto akasimama. Lazima uelewe kwamba kwao ni mchanga na udongo mwekundu mpaka uchoke. Jiwe analolijua Modest ni kokoto iliyomwagwa na lori la ujenzi.

"Nani alilileta?" akauliza.

"Hakuna. Lipo hapo tangu zamani."

"Limeota?"

"Mawe hayaoti, mwanangu."

"Sasa lilifikaje?"

Nimezaliwa chini ya mwamba ule. Nimeanika muhogo juu yake, nimejificha nyuma yake nikiwa msichana, kwa sababu zangu. Sikuwahi kujiuliza swali hilo, na nikaona hasira kidogo kuulizwa na mtoto wa watu.

"Muulize baba yako, ndiye mwalimu," nikasema, na hapo hapo nikajuta, maana Dorika alinitupia jicho.

Modest alikuwa hana habari na sisi. Aliligonga jiwe, akaliwekea sikio, akaligonga tena mahali pengine. Violet yeye alipanda kwa magoti mpaka kwenye bega la mwamba ambako watoto wetu huteleza, akapiga kelele tuje. Aliona shimo dogo lililojaa maji ya mvua ya jana.

"Mama, jiwe limekinga maji," akasema. "Peke yake. Bila bati."

Dorika akavua kandambili zake, akaziweka sambamba kama anaingia msikitini, wakati yeye ni Mkristo wa kanisa la kila Jumapili. Akapanda, na mimi nikamfuata nikihema. Alipiga magoti kwenye lile shimo, akachovya vidole, akaupapasa mwamba taratibu kwa kiganja kizima. Jua lilikuwa limeshaupasha moto.

"Kumbe ni vuguvugu," akasema. "Nimekuwa nikiyaona kwenye dirisha la gari, nikadhani ni ya baridi."

Alifurahi. Nasema hivi kwa sababu nilimwona: kwa muda ule alisahau kabisa kilichomleta Masasi, akawa anashindana na watoto kutafuta mashimo mengine yenye maji. Mwanamke wa makamo, amepandisha gauni, anabishana na Violet kuhusu shimo lipi lina maji mengi. Nilimpenda sana siku ile.

Kisha Modest akasimama wima juu pale akageukia magharibi.

"Ile barabara inakwenda wapi?"

Lami ilikuwa inaonekana vizuri, inapita katikati ya mikorosho na kupotelea kwenye vilima vya mbali. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Tunduru."

"Na nyuma ya vile vilima?"

"Vilima vingine."

"Vya mawe au vya udongo?"

Hakuna aliyejua. Mtoto akaendelea kutazama, na Dorika akawa anamtazama mtoto. Uso wake ulibadilika. Aliona mwenyewe, bila mimi kumwambia tena, kwamba tangu asubuhi alikuwa anamtia mtoto njaa badala ya kumshibisha.

Tuliposhuka tulivuka kijito, na Dorika akapata wazimu mwingine. Kwao mafiga hutengenezwa kwa udongo wa kichuguu, na masika yakizidi humeguka chungu kikiwa motoni. Akaona mawe ya duara, meusi, yametapakaa majini bila mwenyewe. Akaanza kuyaokota. Nikamwacha mpaka alipopata matatu yaliyolingana na kuyapanga kwenye kanga, ndipo nikamwambia kwamba jiwe la mtoni ukilitia motoni linapasuka na kukupiga usoni.

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilitaka uiname kwanza. Watu wa kutafuta maji nyie, mnakuja kuiba mawe."

Watoto walicheka mpaka Violet akakaa chini. Tukaenda kuchagua mengine makavu chini ya mwamba, Modest akiyagonga moja moja na kusikiliza kabla ya kuyakubali, na yakabebwa mpaka stendi, moja kwa kila kichwa cha Kinewala. Watu wa stendi walitutazama, na waliotaka kuuliza waliuliza.

Eric alikuwa ameshafika. Nilimkuta amekaa kwenye benchi langu, shati jeupe, magoti pamoja, mfuko wa plastiki mapajani. Alisimama haraka sana akagonga meza. Watoto wakamwamkia, akaitikia, akawashika vichwa kama mtu anayegusa kitu dukani asichojua kama ataweza kukilipia. Katika mfuko mlikuwa na viatu vya Violet. Vilikuwa vya mtoto mdogo zaidi. Violet alijaribu kwa heshima zote kuingiza mguu, ukagoma kisiginoni.

"Samahani," Eric akamwambia mwanawe. Sikutegemea. Wanaume wengi wangesema mguu ndio mkubwa.

Basi la Tunduru likaingia, likaanza kupakia. Dorika aliilaza mikono juu ya meza, na nilijua moyoni anaomba nini. Modest ndiye aliyeanza.

"Baba, Tunduru kuna mawe makubwa kama ya huku?"

Eric akafikiri. "Sijui," akasema. "Yapo ya kung'aa, watu huyachimba. Lakini makubwa ya kupanda, sijatazama."

"Umekaa kote huko na hujatazama?"

"Sijatazama."

Modest akamwangalia baba yake kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mtu aliyepotea njia yuko karibu na kwao. Akachukua begi lake. Akaja akampigia Dorika goti, akakaa pale chini muda, kichwa kwenye kanga yake, kisha akainuka akaenda akapanda basi. Kwa miguu yake. Dorika hakulia, ila alishika ukingo wa meza yangu.

Violet alikumbatia nguzo ya banda.

"Mimi sitaki."

Hakuna aliyemvuta. Eric alirudi nyuma hatua moja, mikono pembeni, akisubiri, na namsifu kwa hilo. Gari la Newala nalo lilikuwa pale pale ng'ambo, utingo anaita abiria. Kauli ya mjomba ilikuwa wazi. Mtoto amekataa, mtoto ni wa Dorika, ambebe mgongoni aondoke. Nusu ya alichokiomba alikuwa amekipata. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumfungia mkate wa njiani.

Dorika akachuchumaa mbele ya ile nguzo. "Hutaki kwa nini, ntoto wangu?"

"Wewe Tunduru umefika?"

"Sijafika."

"Nyumba ya baba umeiona?"

"Sijaiona."

"Sasa usiku ukinikumbuka," Violet akasema, "utajuaje nimelala wapi?"

Nimesikia mengi kwenye banda lile. Nimesikia watu wakipewa habari za misiba hapo hapo wanakula. Lakini swali lile lilinikata maini, nikajifanya nachochea moto. Dorika alibaki amechuchumaa. Akageuka akatazama basi la Tunduru, ambamo Modest alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, na akatazama gari la Newala. Kisha akauliza, bila kusimama:

"Baba Modest, kwako kuna pa kulala mgeni?"

"Papo," Eric akasema. "Papo, shemeji. Karibu."

"Kuna bomba?"

"Lipo uani. Ila huvuja."

Violet akaachia nguzo kwa mkono mmoja.

Dorika akainuka, akajifunga kanga upya. Hakuwa na nguo ya kubadili wala mswaki. Kuku wake walikuwa Newala wanamsubiri. Akanisukumia yale mawe chini ya benchi kwa mguu akaniambia niyatunze, na nimwambie njomba wao, akipiga simu, kwamba dada yake ameondoka kidogo. Akatembea mpaka kwenye basi akapanda ngazi akiwa wa kwanza, hakugeuka kutazama kama mtoto anamfuata. Violet alikimbia nyuma yake, miguu mitupu, viatu vidogo mkononi.

Utingo akasema, "Haya, Mama Modest na Baba Modest, nafasi zenu nyuma," kwa kusikia majina tu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Bartholomayo alipiga simu jioni ile akanigombeza mimi, nami nikamgombeza yeye, tukaachana vizuri.

Dorika alirudi mahindi yalipoanza kubeba. Alishuka peke yake, amekonda kidogo, amevaa gauni nisilolijua. Aliagiza chai. Nikamletea beseni kabla hajaomba, akanawa, akaanza kuniambia mambo ya Tunduru: vilima vyake ni vya namna gani, soko lake, mwalimu anavyounguza wali. Alisimulia mpaka chai ikapoa. Sikumuuliza nililotaka kumuuliza, nikangoja aseme mwenyewe.

"Violet analala upande wa ukutani," akasema mwishowe. "Dirisha liko miguuni kwake. Modest analala mlangoni, kwa sababu anataka kusikia nani anapita. Sasa nikizima taa nawaona."

Akakaa akitazama barabara. Kisha machozi yakamtoka, na nikamwacha alie, nikavuta benchi nikakaa karibu naye.