Protini Inayoogopa Hewa

Maabarani walimwita Bibi Kutu, kwa kuwa kila mazungumzo yake yaliishia kwenye chuma. Alifuga vijidudu kutoka chemchemi ya maji moto yenye tindikali kali na harufu nzito ya salfa, mahali ambapo kiumbe kingine kingeiva. Vyenyewe vilistarehe. Lakini protini aliyoichuja kutoka ndani yake, iliyobeba chuma na salfa, ilikuwa na deko la ajabu: ikipata hewa, inavunjika.

Asubuhi hiyo baba yake alikuwa akipasuliwa moyo. Kaka yake ndiye aliyekaa hospitalini. Yeye nyumbani kulimshinda, akaja kazini.

Mikono yake ilikuwa ndani ya sanduku la kioo lililojaa gesi ya naitrojeni badala ya hewa, kwenye glovu ndefu zilizofungwa ukutani mwa sanduku. Mbele yake chupa tatu ndogo zilikuwa wazi, protini ikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Ghafla glovu ya kushoto ikachanika kwenye kidole gumba.

"Usitoe mkono!" fundi wa maabara akamaka.

"Niutoe niupeleke wapi? Lete utepe!"

Alikunja ngumi, akaubana mpasuko. Kwa mkono mmoja uliobaki akaokota kifuniko. Kikamponyoka. Akakiokota tena, akakisukuma kwa kidole mpaka kikabana. Chupa ya kwanza. Ya pili ilimtoa jasho. Ya tatu ilikuwa imeanza kupauka.

Simu ikaita mezani.

"Ni kaka yako," fundi alisema, akizungusha utepe kwenye glovu.

Akazidi kukaza ngumi. Simu ikanyamaza, ikaita tena.

"Niwekee sikioni," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Upande wa pili palisikika pumzi tu.

"Kaka, sema basi! Usiniue."

"Ameamka, mdogo wangu. Ameamka! Anagombana na nesi, anataka meno yake ya bandia."

Bibi Kutu alicheka huku machozi yakimtiririka, na mikono yote miwili imo sandukuni. Fundi akamfuta kwa ncha ya koti lake.

Chupa ya tatu ilikuwa haina rangi tena, kama maji. Zile mbili zilibaki na rangi yao. Akazihifadhi kwenye barafu, kisha akakimbilia hospitalini bila hata kubadili nguo.

Baba alifumbua jicho moja, akavuta pumzi.

"Mwanangu," akanong'ona, "mbona unanuka yai viza?"